Kisahani

Kazi yangu ni maji yaliyosahauliwa.
Vifuniko vya chupa, matairi, mifereji ya bati,
kiatu cha mtoto kilicholala nje siku ya mvua.
Nina kurunzi, daftari, kijiko cha dawa
na mkoba wa kaki ambao mbwa wote wa Caruaru
wanaijua harufu yake, wala hawaipendi.

Bi Zulmira hakunifungulia mara ya kwanza
wala ya pili. Ya tatu akaachia ufa,
upana wa jicho tu:
"Hapa hakuna mbu, binti. Hapa pana bustani."

Bustani ilikuwepo kweli.
Mchaichai umejibanza ukutani
kama foleni ya pensheni kabla benki haijafunguliwa.
Mrehani kwenye makopo ya rangi. Nanaa ndani ya sufuria
iliyotoboka ikapandishwa cheo.
Na katikati, kwenye vyungu vilivyonunuliwa kwa pesa,
marejea, maua ya manjano kwa vishada,
yakiwa wima kama yameitwa kutoa ushahidi.

Alielezwa na muuza kuku:
marejea huita kereng'ende,
kereng'ende hula mbu,
basi panda ua, ulale.

"Umewaona hao kereng'ende?"
"Mmoja. Mwezi wa tatu. Alikuwa na haraka."

Mwezi wa tatu. Daftari langu linaukumbuka:
nyumba namba 214, mgonjwa mmoja,
Adailton, mjukuu, miaka tisa,
kidingapopo, siku saba wodini.
Alirejea. Wengine wa mtaa ule
nimewaandika kwenye ukurasa mwingine.

Nikapiga magoti. Nikamulika chini ya chungu.
Kila chungu kilikuwa na kisahani chake,
kila kisahani na maji yake,
na ndani ya maji viluwiluwi,
vichwa chini, mikia juu,
alama za mkato zisizo na sentensi.
Chini ya mrehani. Chini ya marejea yenyewe.
Vyungu kumi na tisa. Kumi na kimoja vina watoto.
Na yeye kila jioni, kwa kopo lilelile,
kwa mkono uleule uliompaka Adailton mafuta,
alivinywesha.

Kitabu cha kazi kinasema: *mwelimishe mkaazi.*
Nilitafuta uongo mdogo, wa kutosha mchana mmoja.
Lakini alikwisha kuufuata mwanga wangu kwa macho.
"Wangapi?"
"Wengi."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa
(angalau hiyo ilipinduliwa).
"Kwa hiyo ni mimi."
Nikamwambia mbu huruka, mtaa mzima una visahani,
hakuna ajuaye nani alimuuma nani.
Yote ni kweli. Yote yakaanguka
kama sarafu kwenye kikombe cha mtu asiyeomba.

Aliyesimama ni mtoto.
Akatoka na beseni, akavuka barabara
hadi kwa jirani anayejenga asiyemaliza,
akarudi na mchanga, miguu yake myembamba
ikitembea kama imeazimwa.
Akamwaga maji juani. Akajaza kisahani cha kwanza,
akakisawazisha kwa kiganja, pa, pa,
kama anayepika keki. Kisha cha pili.

"Mchanga ndio dawa," nikasema.
"Na majani?"
"Majani ni mazuri."
"Sikukuuliza uzuri."

Sikumjibu. Naye hakung'oa hata mche mmoja.

Siku hizi nikirudi hunifungulia wazi.
Huingiza kidole mchangani mbele yangu,
hukitoa, hukionyesha: kikavu.
Hanikaribishi kahawa. Bado.
Ila safari iliyopita alikwanyua ganda lililokomaa,
akalitia kwenye mkoba wangu bila neno,
na mbegu zilizokauka humo ndani
zikawa zinacheza kayamba kila nikipiga hatua.

Sijazipanda. Sijazitupa.
Mbwa wa mtaa ule sasa hunisikia
kabla ya kuninusa.